Mota Ngumu Haipo: Jinsi ya Kuchagua Mota na Kidhibiti Mwendo cha Gari la Rimoti

Mota iliyoungua ina harufu yake. Ni vanishi ya waya iliyopikwa, kali, inayokaa puani hadi jioni. Kijana wa jirani aliniletea gari lake la rimoti likinuka hivyo. Gari lenyewe ni la skeli ya 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, la lami, lenye mota ya kawaida ya kopo la ukubwa wa 540. Mota iliyokuja na gari iliungua. Akanunua ya pili, iliyosifiwa kwa kasi, nayo haikumaliza chaji mbili. Akaja na swali ninaloulizwa na karibu kila mtu mwenye gari kama hilo: "Kaka, mota gani ngumu, isiyoungua?"

Nikamwomba afungue kifuniko cha gia. Kwenye shafti ya mota kulikuwa na gia yenye meno mengi kuliko ile ya kiwandani. Aliifunga mwenyewe, siku ileile alipotaka gari likimbie kuliko la mwenzake. Mota zote mbili hazikuwa na kosa lolote.

Tumezoea kuiona mota kama gunia lenye kilo zake: hii ina nguvu nyingi, ile kidogo, chagua uchukue. Lakini mota ni mlaji, na kiasi inachokula kinaamuliwa na kazi uliyoipa. Inapozunguka, yenyewe inageuka jenereta ndogo na kuzalisha volti zinazosukumana na volti za betri. Ikienda kasi bila mzigo, msukumo huo wa kurudi unakaribia kulingana na betri, kwa hiyo umeme unaopita ni kidogo. Ikilemewa, mzunguko unashuka, msukumo unapungua, umeme unaingia kwa wingi. Ikikwama kabisa, kinachobaki kuzuia umeme ni ukinzani wa waya peke yake. Tuseme ukinzani huo ni ohm 0.1 na betri ni ya volti 7.2. Hesabu ya sekondari inakupa ampea 72, ndani ya kopo lenye upana wa milimita 36, na hazizungushi chochote. Zote zinakuwa joto.

Ndiyo maana mimi huanza na tairi, kisha gia, kisha betri, na mota huja karibu na mwisho. Wauzaji hawapendi mpangilio huu, maana mara nyingi unaishia kwenye gia ya bei ndogo.

Hesabu ya gia, mara moja tu

Tuchukue chasisi ya Tamiya TT-02, ambayo wengi wanaifahamu. Ikitoka kiwandani, gia ndogo ya kwenye mota ina meno 22, na gia kubwa inayosukumwa nayo ina meno 70. Gawanya 70 kwa 22, kisha zidisha kwa 2.6, ambao ni uwiano wa gia za ndani ya chasisi hiyo. Unapata 8.27. Maana yake, mota ikizunguka mara 8.27, tairi limezunguka mara moja.

Mota ya kawaida ya 540 huzunguka kiasi cha mara 15,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Gawanya kwa 8.27, tairi linapata mizunguko kama 1,814. Tairi la milimita 64 lina mzingo wa takriban mita 0.2, kwa hiyo gari linakwenda kama mita 363 kwa dakika, yaani karibu kilomita 22 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Barabarani itapungua, lakini hesabu imeshakupa mahali pa kuanzia.

Sasa toa mota hiyo, weka isiyo na kaboni (brushless, nitaieleza mbele) ya 3300 kV, yaani inayozunguka mara 3,300 kwa dakika kwa kila volti moja, kwenye betri ya volti 7.4. Mizunguko ya mota inakuwa 24,420 kwa dakika, na gari, kwa gia zilezile, linafikia karibu kilomita 35 kwa saa. Inavutia. Ila mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kupasua hewa inahitajika mara nane. Ile tofauti ya kilomita 22 na 35, ambayo mdomoni inaonekana ndogo, kwenye mota na betri ni kubwa.

Tairi nalo ni gia, jambo ambalo wengi hulisahau. Ukitoa tairi za milimita 64 ukaweka za milimita 85 ili gari lipite kwenye kokoto, umefanya sawa na kuongeza gia ndogo kutoka meno 22 hadi 29. Hujagusa mota, hujagusa betri, na bado umeilemea mota kwa theluthi nzima. Tairi kubwa pia ni zito, na uzito wake uko pembeni mwa mzunguko, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuusukuma kutoka kusimama.

Betri unayoweza kuipata

Kwa wenzetu wa Ulaya, betri ni jambo la kuagiza jioni na kupokea kesho. Kwetu, inaweza kuwa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Tangu Aprili 2016, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimezuia betri za lithiamu zilizofungashwa peke yake kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo unaweza kupata mota kwa posta bila shida halafu betri yake ikakwama. Kabla hujatamani mota ya seli tatu, jiulize kama betri ya seli tatu utaipata tena hii ya kwanza ikizeeka.

Wengi hukimbilia seli za laptop zilizokufa, zile za duara za 18650. Mafundi wetu wanazitumia kwa taa na spika, na huko zinafanya kazi vizuri. Kwenye gari la rimoti ni hadithi nyingine. Seli nyingi za laptop zimetengenezwa kutoa mkondo mdogo, ampea tano hivi kwa seli. Mota ya 540 inayoondoa gari kutoka kusimama inadai makumi ya ampea. Volti zinaporomoka, kidhibiti mwendo, kile kiboksi kinachopimia mota umeme, kinadhani betri imekwisha na kukata umeme, na mwenye gari anahitimisha kwamba mota ni mbovu. Nimeona mota nzima kabisa zikitupwa kwa kosa la betri.

Betri za LiPo, yaani lithiamu polima, zimeandikwa uwezo wao wa kutoa umeme kwa herufi C. Betri ya mAh 5000 (ampea 5 kwa saa moja) yenye 30C, kwa maandishi, inaweza kutoa ampea 5 mara 30, yaani 150. Namba hizo mara nyingi zimetiwa chumvi, kwa hiyo zichukulie kama bei ya kwanza ya muuzaji wa mitumba. Volti ndizo hazidanganyi. Seli moja ya LiPo ni volti 3.7 kwa jina na 4.2 ikijaa, mbili ni 7.4, tatu ni 11.1. Betri za nikeli zina volti 1.2 kwa seli, kwa hiyo ile pakiti ya seli sita ni 7.2.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo

Sasa mota. 380, 540, 550 ni ukubwa wa kopo. Ya 540 ina upana wa karibu milimita 36 na urefu wa 50. Ya 550 ina upana uleule lakini ni ndefu zaidi. Mota zisizo na kaboni huandikwa wazi: 3650 maana yake upana wa milimita 36 na urefu wa 50, kwa hiyo inakaa mahali pa 540. Ukubwa wa kopo ndio unaokaribia ile "nguvu" wanayoitafuta watu, kwa kuwa kopo kubwa lina shaba zaidi, sumaku zaidi, na mwili mkubwa wa kupoza joto. Gari zito linataka kopo refu kabla ya kutaka kasi.

Herufi T, kama kwenye 27T, inahesabu raundi za waya. Aliyewahi kukaa na fundi wa kusuka mota za pampu anaelewa mara moja: raundi chache za waya mnene zinaipa mota mwendo na ulafi wa umeme, raundi nyingi za waya mwembamba zinaipunguza mwendo na kuifanya ivute taratibu bila kula sana. Magari ya kupanda mawe hutumia 35T hadi 55T kwa sababu hiyo. Namba hizi zilinganishe tu ndani ya kopo la ukubwa mmoja na aina moja. 10T ya mota isiyo na kaboni haina uhusiano wowote wa moja kwa moja na 10T ya mota ya kaboni.

Halafu kuna kV, ambayo hapa haihusiani na kilovolti. Inasema mota itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja, bila mzigo. Hapa ndipo penye kosa la gharama kubwa, kwa sababu watu huona kV kubwa wakadhani ni mota kali.

Weka mota mbili za kopo moja mezani. Moja ni 3000 kV kwa betri ya volti 7.4, nyingine ni 2000 kV kwa betri ya volti 11.1. Zidisha. Zote zinatoa mizunguko 22,200 kwa dakika, na kwa gia zilezile gari litakuwa na kasi ileile. Sasa sema zote zinafanya kazi ya wati 300. Ya kwanza inavuta ampea 40 na ushei, ya pili 27. Joto kwenye nyaya, plagi na transista hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo ile ya kV ndogo kwenye volti kubwa inafanya kazi ileile huku vitu vikiwa na ubaridi zaidi. Ukiongeza volti, punguza kV. Anayechukua mota yake ya 3300 kV akaichomeka betri ya seli tatu iliyojaa anaiomba izunguke zaidi ya mara 41,000 kwa dakika, na bado hajabadili gia.

Kanuni hiyohiyo inawahusu wanaochomoa mota za 550 kwenye drili za betri zilizokufa, kazi ninayoipenda kwa kuwa mota zenyewe ni imara. Mota ya drili ya volti 18 imesukwa kwa volti 18. Ukiipa 7.4 itazunguka kiasi cha asilimia 41 ya mwendo wake. Kwa gari la mbio ni kichekesho. Kwa gari la kupanda mawe inaweza kufaa sana.

Yenye kaboni au isiyo nayo

Mota ya kaboni ina nyaya mbili. Vipande viwili vya kaboni vinagusa rota na kupeleka umeme kwenye koili zinazozunguka. Vinalika, vinatoa cheche, vinataka kubadilishwa au mota itupwe. Faida yake ni bei, urahisi, na upole wa kuanza mwendo. Isiyo na kaboni ina nyaya tatu. Koili zimetulia kwenye kopo na sumaku ndiyo inayozunguka, na kazi ya kubadilisha umeme kwa zamu inafanywa na kidhibiti mwendo. Haina cha kulika isipokuwa beringi.

Kwa hiyo ukihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kidhibiti nacho kinahama. Kile cha mota ya kaboni hakiwezi kabisa kuendesha mota ya nyaya tatu. Vipo vinavyoendesha zote mbili, lakini soma maandishi madogo. Kidhibiti cha Tamiya cha TBLE-02S kinakubali mota isiyo na kaboni kwa sharti moja, iwe na sensa.

Sensa ni vipande vidogo ndani ya mota vinavyokiambia kidhibiti rota imeelekea wapi. Bila sensa, kidhibiti kinabahatisha hadi mota ianze kuzunguka, ndiyo maana gari linatetemeka na kugugumia likianza polepole. Kwenye gari la kukimbia uwanjani hutalijali hilo. Kwenye gari la kutambaa juu ya mawe litakuudhi kila dakika. Mota isiyo na sensa ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za nyaya zozote mbili kati ya tatu. Yenye sensa usiichezee hivyo: waya A uende A, B uende B, C uende C, na mwelekeo ubadilishwe kwenye mipangilio.

Kile kiboksi cha ESC

Kidhibiti mwendo, kile kiboksi kilichoandikwa ESC, kina namba ya ampea inayotisha watu bure. Kidhibiti cha ampea 60 hakiisukumii mota ampea 60. Kinachosema ni kwamba kinaweza kuvumilia hizo zikipita. Kikubwa kuliko mahitaji hakidhuru mota. Kidogo ndicho kinachoungua. Ile namba ya pili, kubwa ya ajabu kama 360, ni ya kufumba na kufumbua, usiijengee nyumba.

Kwa mota za kaboni, kitu cha maana zaidi ni kiwango cha chini cha raundi. QuicRun 1060 ya Hobbywing, ambayo imeenea kwa unafuu wa bei yake, inaruhusu mota za 540 au 550 kuanzia 12T kwa betri ya LiPo ya seli mbili, na kuanzia 18T kwa seli tatu. Umeona volti zilivyopanda ndivyo mota inayoruhusiwa ilivyokuwa ya upole zaidi. Kidhibiti hicho kina vijiti vidogo vya kuchagua aina ya betri. Ukivisahau kwenye nikeli huku umechomeka LiPo, hakitakata umeme mapema inavyotakiwa, na betri itashuka chini ya volti 3 kwa seli. Betri ya namna hiyo huvimba, na iliyovimba haitibiki.

Kidhibiti pia ndicho kinacholisha risiva, inayopokea amri za rimoti, na sevo, mota ndogo ya kugeuza usukani, kwa kawaida volti 5 au 6. Ukifunga sevo kubwa yenye gia za chuma bila kuangalia kinatoa ampea ngapi upande huo, utaona gari linazima nukta moja kila unapokata kona kwa nguvu. Watu hubadilisha mota kwa ugonjwa huu pia.

Halafu kuna mtego wa magari ya bei nafuu, hasa madogo ya 1/18 na baadhi ya 1/12. Risiva na kidhibiti vimewekwa kwenye bodi moja, na sevo ina nyaya tano badala ya tatu, kwa hiyo ubongo wake umo kwenye bodi hiyohiyo. Ukitaka mota isiyo na kaboni, bodi nzima inatoka. Ikitoka, unahitaji kidhibiti kipya, risiva mpya, rimoti inayoelewana na risiva hiyo, na sevo ya nyaya tatu. Mota uliyoiona kwa bei nzuri imekuletea ndugu zake wote wa ukoo. Mara nyingi humshauri mtu abaki na mota ya kaboni ileile, anunue mbili za akiba, na fedha iliyobaki aitumie kwenye beringi na betri.

Kufunga, na dakika tatu za kwanza

Pima shafti kabla ya kuagiza gia. Mota nyingi za 540 zina shafti ya milimita 3.17; za kopo kubwa la magari ya 1/8 ni milimita 5. Meno ya gia nayo yana lugha zake. Moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino, ya 0.6 na ile gia iliyoandikwa 48 zinafanana machoni lakini ya pili ni sawa na moduli 0.53, na ukizikutanisha zitatafunana hadi plastiki iwe unga. Kati ya gia mbili, pitisha ukanda wa karatasi ya daftari wakati wa kukaza, kisha uutoe kwa kuzungusha. Nafasi itakayobaki inatosha.

Skrubu za kushikia mota ni za M3, na urefu wake si jambo la kubahatisha. Nyingi ya mota hizi ziko wazi ndani nyuma ya matundu hayo. Skrubu iliyozidi milimita chache inagusa koili, inakwangua vanishi, na umeme unapata njia ya mkato. Mota inakufa ikiwa mpya, na kidhibiti kinaweza kuifuata.

Plagi ile nyeupe ya plastiki inayokuja na magari mengi inatosha kwa mota ya kawaida. Kwa isiyo na kaboni, toa, chomelea XT60 au ya T. Ukiona plastiki imegeuka kahawia, umechelewa kidogo tu.

Kisha endesha dakika tatu, usizidishe, na uguse kopo. Ukiweza kukiacha kidole gumba hapo bila kuruka, uko salama. Wenye kipimajoto cha mbali wakae chini ya nyuzi 80, kwa sababu juu ya hapo sumaku zinaanza kuchoka na hazirudishi nguvu zote. Kumbuka pwani tunaanza safari kwenye nyuzi 32 au 33 kivulini. Gia anayoitumia mtu wa nchi ya baridi haina budi kupunguzwa jino au mawili kwako. Kopo likiwa la moto mno, weka gia ndogo zaidi kwenye mota. Likiwa la uvuguvugu tu, ongeza jino moja, jaribu tena. Na ukitoka ufukweni, hata kama kidhibiti kimeandikwa kinavumilia maji, beringi za mota hazivumilii chumvi. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, tone la mafuta.

Lile gari la jirani lilirudishiwa gia ya meno 22 na mota ya 540 ya bei ya chini kuliko zote. Baada ya dakika tatu aliligusa kopo, akaacha kidole hapo, akanitazama kama vile nimemficha kitu siku zote hizo. Kisha akauliza kama anaweza kuweka ya meno 23.